Gari Linapokataa Kuwaka: Sikiliza na Upime Kabla ya Kununua Spea

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, madereva na wenye magari mliofika hapa Ilala, Dar es Salaam, asubuhi hii: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu limewahi kumkuta. Umeamka alfajiri ili uiwahi Barabara ya Morogoro kabla foleni haijafunga, umekaa kwenye usukani, umezungusha ufunguo, na gari haliwaki. Naliona jambo hili kuwa zito kwa sababu nimeshuhudia fedha nyingi za watu wa kipato cha kawaida zikipotelea hapo. Mtu ananunua betri mpya. Gari linakataa tena. Ananunua stata iliyotumika, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake. Wiki haijaisha anatafuta vijana wa kumsukuma. Katika muda wote huo hakuna aliyepima chochote. Ninachotaka muondoke nacho ni kwamba gari linalokataa kuwaka hutoa dalili yake ndani ya sekunde chache za kwanza, na mwenye kuisikiliza dalili hiyo kisha akaithibitisha kwa mita ya kupimia umeme hahitaji kukisia.

Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita dereva aliwasha injini kwa kuzungusha hendeli mbele ya gari, na hendeli hiyo ilipokuwa ikirudi nyuma ghafla iliwavunja watu mikono. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na stata ya umeme iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kettering, na tangu hapo kazi hiyo imebaki kwa betri. Jambo la kuelewa ni kwamba swichi ya ufunguo haibebi umeme unaozungusha injini. Swichi hupeleka umeme mdogo, kwa kawaida kupitia rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, hadi kwenye solenoidi, ile silinda ndogo iliyopanda mgongoni mwa stata. Solenoidi huisukuma gia ndogo ya stata ishikane na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa kwenye injini, na papo hapo huiunganisha stata na waya mnene unaotoka kwenye betri. Kwa hiyo zipo njia mbili, nyembamba ya kupeleka amri na nene ya kupeleka nguvu, na kazi ya kwanza ya fundi ni kujua ni ipi kati ya hizo iliyokatika.

Njia hiyo nene nitaikalia kidogo, kwa maana ndiko wengi tunakokosea. Taa mbili za mbele za halojeni, zenye wati 55 kila moja, hutumia kama ampea tisa. Stata ya gari dogo la petroli hutumia ampea 100 hadi 200, na hupita hapo kwa kitambo kidogo inapoanza kuzunguka. Ndiyo maana ile kauli ya "betri ni nzima, mbona taa zinawaka?" imewapotosha wengi. Taa za dashibodi zikiwaka, zinathibitisha tu kwamba betri inaweza kuwasha taa za dashibodi.

Sasa tusikilize. Ukizungusha ufunguo ukasikia mlio wa haraka wa ta-ta-ta-ta, na taa zikawa zinafifia na kurudi, fahamu kwamba njia ya amri inafanya kazi. Solenoidi imevuta, stata imedai umeme wake mwingi, volti zimeporomoka, solenoidi imekosa nguvu ya kujishikilia ikaachia, volti zimepanda tena, na mzunguko unarudiwa mara nyingi kwa sekunde. Hapo betri imeishiwa, au kuna kiungo kinachobana umeme usipite. Stata karibu haina lawama katika mlio huu, na bado ndiyo inayofunguliwa mara nyingi.

Chukua mita. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri ya kawaida iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.4 inahitaji kuchajiwa, ikisoma 12.0 karibu imekwisha. Kisha mwambie mwenzako apige stata huku ukiiangalia mita. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri hiyo ni dhaifu au haina chaji ya kutosha, hata kama ilisoma vizuri ilipokuwa imepumzika. Ikibaki juu ya 10 na stata bado inajikokota, tatizo liko baada ya betri.

Hapo ndipo panapohitaji jicho la karibu. Fungua boneti utazame tamino, vile vibanio vinavyoshika vichwa vya betri. Katika jiji hili la joto na hewa ya chumvi ya bahari, hasa kwa wanaolaza magari Kigamboni na Msasani, utakuta unga mweupe au wa kijani umeota hapo. Wakati mwingine juu pako safi kabisa, lakini ukiichomoa tamino unakuta ndani yake ukoko mweusi mwembamba kama rangi. Ukoko huo ukiweka ukinzani wa omu 0.02 tu, taa zinazotumia ampea mbili zitapoteza volti 0.04, hasara isiyoonekana kwa macho. Lakini stata inayotaka ampea 150 itapoteza volti tatu nzima. Tiba yake ni maji ya moto yenye magadi soda, brashi ya waya, na kukaza nati hadi tamino isizunguke kwa mkono. Anza kufungua upande wa hasi, ili spana ikigusa bodi isipige shoti.

Ukisikia mlio mmoja mzito, ka!, kisha kimya, na taa hazijafifia sana, hapo ndipo stata inapostahili kushukiwa. Solenoidi imevuta, lakini shaba zake za ndani zimeungua, au kaboni za stata, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka, zimekwisha. Baadhi yetu huigonga stata taratibu kwa kipini cha spana, ikazunguka, na mwenye gari akadhani amepona. Kuigonga kumezisogeza kaboni zilizoisha zikagusa kwa mara chache za mwisho. Lipeleke gari gereji siku hiyohiyo. Lakini taa zikizimika karibu zote pamoja na mlio huo, fikiria pia injini iliyokwama. Gari lililopita kwenye maji ya masika pale Jangwani na likazimikia humo lisipigwe stata hata mara moja, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye silinda hayabanwi, na kinachopinda ni konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni.

Kimya kikiwa kamili huku taa za dashibodi zinang'aa, rudi kwenye njia nyembamba. Gari la otomatiki likiwa kwenye P, gia ya kuegesha, jaribu N, gia huru. Likiwaka, swichi ya gia ndiyo yenye hitilafu. Tazama fyuzi, badilishanisha rilei ya stata na nyingine inayofanana nayo, halafu pima kama umeme unafika kwenye waya mwembamba wa solenoidi wakati ufunguo umezungushwa. Ukifika na solenoidi isivute, ifungue stata. Usipofika, iache stata ilivyo, fuata waya.

Na kama injini inazunguka vizuri ila haishiki moto, basi betri na stata vimekwisha kufanya kazi yao, nanyi mnavionea mkiendelea kuvitazama. Rudisha ufunguo kwenye "on" usikilize nyuma: katika magari mengi ya petroli yenye injekta pampu ya mafuta hunguruma kwa sekunde mbili hivi. Angalia taa ya imobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi, kwa kuwa ufunguo usiotambuliwa huzuia injini kuwaka hata kama stata inazunguka. Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama isiyo na mzigo, usiendelee kupiga. Huenda mkanda wa taiming, ule unaoendesha vali za injini, umekatika.

Anayeazima moto kwa gari jingine aunganishe waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima, mweusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari lisilowaka, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni na cheche huweza kuilipua. Likiwaka, pima tena: chini ya volti 13.5 altaneta, jenereta inayochaji betri, haichaji inavyotakiwa. Dereva anayekaa saa mbili kwenye foleni na kiyoyozi, taa na redio vikiwaka, injini ikiwa kwenye sailensa tu, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, anaweza kufika nyumbani na betri pungufu kuliko alivyotoka nayo.

Miaka michache iliyopita mzee mmoja dereva wa teksi alituletea gari ambalo lilikwisha kubadilishiwa betri na stata mahali pengine. Liliwaka likiwa baridi, likagoma likipata moto. Niliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, nikamwomba apige stata. Njia nzima ya athi, ile inayorudisha umeme kwenye hasi ya betri, haipaswi kupoteza zaidi ya nusu volti. Pale ilisoma volti 2.8. Waya wa athi kati ya injini na bodi ulikuwa umeliwa na kutu chini ya ganda lake, umebaki nyuzi chache. Tukaweka mwingine, tukakwangua rangi pale unapokaa boliti, na lile gari likawaka kwa mzunguko mmoja. Mzee aliuliza stata yake ya zamani iko wapi. Ilikwisha kuuzwa chuma chakavu, na ilikuwa nzima.

Uani kuna gari ambalo nimeliharibu kwa makusudi leo alfajiri, mahali pamoja tu. Mita tatu ziko mezani. Naomba tutoke sasa, na kabla ya yeyote kushika spana, mmoja azungushe ufunguo na wengine mnyamaze.