Jua la Mombasa na Saa za Mogadishu

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Walionisikia zamani wanajua nitaanza na lipi. Wakitaka kusinzia, nawaomba wangoje hadi nifike kwenye mwezi. Watoto wetu wangali wanafundishwa kwamba jua la ikweta huchomoza saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili mwaka mzima. Urefu wa mchana, naam, haubadiliki sana hapa, kwani baina ya mchana mrefu wa Desemba na ule mfupi wa Juni tofauti haifiki nusu saa, ilhali London mwishoni mwa Machi mchana hurefuka karibu dakika 4 kila siku. Lakini urefu wa mchana ni jambo moja, na saa ya macheo ni jambo jingine kabisa.

Saa tulizovaa hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo hupita karibu na Mogadishu. Mombasa iko takriban nyuzi 39.7, na kila nyuzi moja ni dakika 4 za safari ya jua; kwa hiyo jua hufika kilele chake kwetu kama dakika 21 baada ya saa sita. Hata hizo 21 ni wastani tu. Njia ya Dunia kulizunguka Jua ni duaradufu, na mhimili wake umeinama, ndiyo maana jua huitangulia saa miezi fulani na kuachwa nyuma miezi mingine. Mapema Novemba huchomoza hapa saa 11 na dakika 57 alfajiri na kutua saa 12 na dakika 13. Katikati ya Februari huchomoza saa 12 na dakika 28 na kutua saa 12 na dakika 43. Mchana ni ule ule wa saa kumi na mbili na robo, ila umesogea mzimamzima kwa nusu saa. Anayebisha na aitazame ratiba ya swala iliyobandikwa msikitini, aone adhuhuri inavyohama.

Yuko atakayesema kwamba nusu saa si kitu. Basi Ramadhani ikiangukia Februari, na afuturu saa kumi na mbili kamili, halafu atueleze hizo dakika 43 alizokula mchana kweupe ataziitaje.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake, saa ya Mogadishu, kwa hiyo jua la utosi la karibu tarehe 10 Machi na 3 Oktoba naliacha.

Mwezi, basi, kwa haraka. Vitabu huuchora mwezi mwandamo umesimama wima kama mundu, na watoto huunakili hivyo, ingawa wakitoka nje Juni au Desemba, jua likishatua, watauona umelala chali kama dau, kwa sababu kwetu njia yake huteremka karibu wima hadi upeo wa macho. Ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye huja bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko siku nyingine: maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne. Wanaokwenda mwambani kutafuta pweza asubuhi hiyo hawahitaji kuulizia kalenda.