Weide: malisho ya leo, mawindo ya zamani

Mambo vipi watu wangu, leo sina habari za viza wala kodi ya nyumba, leo nimekuja na paketi ya maziwa. Ngoja nisogeze kamera, hapo mnaona? Weidemelk, Kiholanzi hicho, lugha ya huku Uholanzi. Hiyo mwisho, melk, ni maziwa, na weide, unatamka "waide", ndo malisho, yale majani ya kijani mnayoyaonaga dirishani nikirekodi kwenye treni. Na halibandikwi ovyo hilo jina, lazima ng'ombe awe ametolewa nje siku 120 kwa mwaka, angalau saa 6 kila siku, maana huku baridi ikianza wanafungiwa bandani mpaka iishe, sasa siku ya kufunguliwa, Aprili hivi, ng'ombe mzima na kiwele chake anaruka mateke hewani kama ndama, na watu wanatoka mjini na watoto kuja kuangalia tu, wanaita koeiendans, dansi la ng'ombe, siwatanii.

Sasa hili neno weide huko lilikotoka halikuwa na upole huo hata kidogo. Lilikuwa la mawindo! Waaislandi, ambao lugha yao na Kiholanzi ni ukoo mmoja, wanasema veiða mpaka leo, kuwinda, hata kuvua samaki. Wajerumani ndo kabisa, Weide kwao ni malisho kama huku, lakini Weidmann siyo mchungaji, ni mwindaji, mtu na bunduki yake porini. Na ukikaa ukafikiria inaingia akilini, kumbe maana iliyowaunganisha ni kutoka kwenda kutafuta chakula, mtu anafuata nyama, ng'ombe anafuata majani, basi Waholanzi wakabaki na upande wa ng'ombe, na kwa nchi tambarare yenye maji vile, majani kila kona, mi siwashangai.

Ila ninayoipenda zaidi ni uitweiden. Uit ni nje, kwa hiyo mnyama kavuka malisho yake anakula huko mbele, na ndo wanavyosema kuhusu mtu aliyeulizwa swali moja akaenda kuanzia kwa babu yake. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuja huku, uko kwenye intavyuu ya kazi, mtu anakwambia kwa tabasamu kabisa usi-uitweiden sana, hajakusifia hapo, anataka ufupishe.