Mbwa Mchangia Damu: Nani Anamwangalia Yeye?

BARAKA: Haya wapenzi wasikilizaji, karibuni tena. Mimi Baraka, na dada Zuhura, daktari wetu wa mifugo, yupo hapa na chai yake. Dada, leo sina salamu ndefu. Swali lililoletwa ni hili: mbwa anayetolewa damu kila baada ya miezi michache, hadhoofiki?

ZUHURA: Inategemea anatolewa na nani, na akishatolewa anarudi wapi. Tuanzie Uingereza. Kuna shirika la hisani linaitwa Pet Blood Bank UK, yaani benki ya damu ya wanyama wa nyumbani, lilianza 2007, makao yake yako Loughborough. Mbwa wake ni mbwa wa watu. Anakuja na mwenyewe, anachangia, jioni analala kwao. Awe na umri wa mwaka 1 hadi 8, kilo zaidi ya 25, chanjo zote, asiwe kwenye dawa, na awe mtulivu mbele ya wageni.

BARAKA: Kilo 25? Kwa nini wasiseme 20?

ZUHURA: Mbwa ana damu mililita 80 hadi 90 kwa kila kilo yake. Kilo 25 zinakupa lita mbili na ushee. Mfuko mmoja unachukua mililita 450 hivi. Haya, piga hesabu.

BARAKA: Moja ya tano! Wee! Mimi nikichangia nakunywa soda mbili, na kwangu hiyo ni kama moja ya kumi tu.

ZUHURA: Ndiyo maana hawashuki chini ya hapo. Sasa, majimaji yaliyotoka mwili unayarudisha haraka, siku moja mbili, mradi anakunywa maji. Bandama la mbwa nalo ni ghala la chembe nyekundu, likijikaza linaongeza kidogo. Zilizobaki zinatengenezwa na uboho, hizo zinataka wiki kadhaa. Hapo mbwa mzima wa afya hana shida. Shida iko kwenye madini ya chuma.

BARAKA: Ehe.

ZUHURA: Mfuko mmoja unaondoka na chuma kama miligramu 200. Mwili unakirudisha pole pole kutoka kwenye chakula. Ukimtoa damu mbwa mapema mno, tena na tena, utampima utakuta chembe zimerudi, utasema yuko sawa, kumbe akiba yake ya chuma inaisha chini kwa chini. Kwa hiyo mchangiaji wa kudumu hapimwi wingi wa damu peke yake, na anapumzishwa. Mara tatu, nne kwa mwaka zinatosha. Na jamani, msimpe mbwa vidonge vya chuma vya wajawazito! Akizidishiwa vinamuua.

BARAKA: Nitolee picha ya siku yenyewe. Wanamlaza usingizi?

ZUHURA: Hapana, yuko macho. Analazwa ubavu juu ya meza yenye godoro. Wananyoa kipande kidogo cha manyoya shingoni, wanapaka dawa ya ganzi, sindano inaingia mshipa wa shingo. Mtu mmoja kazi yake ni kichwa tu: anakishika, anamkuna nyuma ya sikio. Mfuko uko chini, unapimwa uzito. Dakika 5 hadi 10 basi. Mbwa akionyesha hataki, akianza kujinyanyua, wanaacha. Kwangu hilo ndilo la kwanza, maana fomu ya ridhaa anasaini mwenye mbwa, siyo mbwa. Baadaye anapewa chakula, anafungwa kitambaa chekundu shingoni cha kujivunia, na siku hiyo hakuna kukimbizana. Akitembezwa avalishwe mkanda wa kifuani, kola isije ikabana pale palipochomwa.

BARAKA: Kumbe wanabembelezwa.

ZUHURA: Haikuwa hivyo zamani. Miaka ya 1660 pale Oxford, Richard Lower alihamisha damu kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Aliyepokea alipona. Waliotoa walikamuliwa mpaka wakafa.

BARAKA: Astaghfirullah. Na huko Uingereza, nimesikia mbwa aliyewahi kusafiri nje ya nchi hawamtaki.

ZUHURA: Kwa sababu yetu sisi, kusema kweli! Nchi za joto zina kupe, na kupe wanaambukiza vijidudu. Babesia inapasua chembe nyekundu, Ehrlichia inaweza kukaa mwilini mbwa anatamba tu, hana dalili. Huku kwetu ni mtihani: mbwa wa homa ya kupe ndiye anayehitaji kuongezewa damu, na yule wa jirani unayemtegemea ametembelewa na kupe wale wale. Ukimtoa bila kumpima unawaumiza wote wawili.

BARAKA: Basi si bora wafugwe mahali pamoja, wapimwe, wasiguswe na kupe?

ZUHURA: California walifanya hivyo miaka mingi. Benki ya damu ya kibiashara ilitakiwa itumie mbwa wanaoishi kituoni, wengi greyhound waliostaafu mbio. Oktoba 2021 gavana Gavin Newsom akasaini sheria ya kuruhusu mbwa wa majumbani wachangie, na vituo vile viondolewe hatua kwa hatua.

BARAKA: Lakini vipimo vyao vilikuwa safi, au siyo?

ZUHURA: Inawezekana kabisa. Mbwa anaweza kuwa na damu safi na maisha mabovu, kipimo hakikuonyeshi hilo.

BARAKA: Hapo tutabishana. Saa nane za usiku mbwa wangu anavuja damu, sitauliza ya kwenye friji imetoka kwa nani.

ZUHURA: Hutauliza, nakubali. Ndiyo maana lazima aulize mtu mwingine, mapema.

BARAKA: Na mahali hakuna benki wala hilo friji?

ZUHURA: Daktari anapigia simu wenye mbwa wakubwa. Kama wako ni mkubwa na mpole, apimwe magonjwa ya kupe na kundi la damu kabla hakujaharibika. Akishatolewa, tarehe iandikwe.

BARAKA: Wapi?

ZUHURA: Kwenye kadi ya chanjo, chini ya ile ya kichaa cha mbwa. Daktari mwingine akimwita wiki tatu baadaye, aione, amwache atafute mwingine.