Picha Zenye Sahihi: Wapinzani Wangu wa Mbio za Boti

Mazungumzo mbele ya mkutano wa Waswahili waishio Milwaukee, Wisconsin, kama yalivyotolewa

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Ndugu mwenyekiti, mama zangu, wazee wangu wa Tanga na Mombasa, na ndugu zetu wa Uvira na Bukavu ambao leo naona mmejaza safu mbili za mbele, ahsanteni kwa kuja na baridi hii. Mwenyekiti aliponiomba nizungumze, nadhani alitegemea habari za mashine. Mashine zitaingia tu, haziwezi kukosa. Lakini nimekuja na sanduku hili. Ndani yake mna picha 212, na kila moja ina sahihi ya mtu niliyeshindana naye majini, au ya mtu aliyeshindana kabla sijafika nchi hii. Nimezikusanya kwa miaka 26.

Kwetu Pangani tukisema mashine, mtoto yeyote anajua unasema ile inayofungwa tezini, yaani nyuma ya chombo, ina propela chini na kamba ya kuvutia juu. Jirani yetu alikuwa na moja, nami nilikuwa kijana wa kumbebea dumu la mafuta. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hapa hamjui: mashine za namna hiyo zilianza kuuzwa kwa wingi kutoka mji huu huu tulioketi. Ole Evinrude alizaliwa Norway mwaka 1877, akaletwa Wisconsin akiwa mdogo, akakulia humu. Inasimuliwa kwamba siku moja ya joto alipiga makasia ziwani kwenda kumnunulia mchumba wake aiskrimu, na aliporudi aiskrimu ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Mwaka 1909 akaanza kuuza mashine ya nguvu farasi moja na nusu, uzito wake kama kilo 28. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, ila ya kwake ndiyo iliyowaingia watu. Na binadamu akishapata chombo cha kwenda mbio, hakai muda kabla ya kumtazama jirani na kumwambia twende tuone nani atatangulia. Ngalawa zetu hazikuanza resi kwa sababu nyingine.

Boti nilizokuwa nikiendesha zinaitwa haidropleni. Usifikirie faiba ya kwenda Zanzibar. Ni kitu cha mbao nyembamba, bapa, kirefu kidogo kuliko kitanda, kikishika kasi kinaruka juu ya maji na kubaki kimegusa sehemu mbili tatu tu. Hakina kiti. Unapiga magoti. Mkono wa kulia unashika usukani, wa kushoto unakamua eksileta, na ukiiachia, kwa mfano ukirushwa majini, mafuta yanakatika papo hapo. Daraja langu lilikuwa B, mashine ya silinda mbili, na kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, huku kidevu chako kiko karibu kugusa maji, mwili unaamini ni 160.

Hatuanzi kwa kusimama kwenye mstari. Ufukweni pana saa kubwa yenye mshale mmoja. Dakika ya mwisho boti zote zinazunguka huko nyuma, kila mtu anaupigia hesabu mshale ule, ili avuke mstari kwa kasi yote sekunde ile ile unapofika juu. Ukiwahi hata kidogo, umetolewa. Ukichelewa, utakula maji ya wenzako mpaka kona ya kwanza. Nimeyasema haya ili muelewe kitu kimoja. Pale kwenye kona ya kwanza, boti kumi zinaingia pamoja kushoto, boya liko karibu, na mwenzako yuko umbali wa mkono. Uhai wako umo katika kiganja cha mtu yule, na wake umo katika chako. Jioni mnakula soseji kwenye meza moja na watoto wenu wanacheza pamoja. Hakuna anayelipwa. Watazamaji wengi ni wake, waume na wazazi wetu. Sasa mchezo kama huo nani atauandika? Magazeti makubwa hayaji. Chama cha boti za kasi cha nchi hii, APBA, kipo tangu mwaka 1903 na kinaweka matokeo na rekodi, lakini matokeo ni majina na pointi. Uso wa mtu haumo.

Naomba niwaonyeshe ya kwanza. Inaonekana huko nyuma? Ni boti ya njano, omo, yaani sehemu ya mbele, imenyanyuka, dereva amelala kifudifudi karibu. Pembeni, kwa wino mweusi, ameandika jina lake, na chini yake namba mbili tu: 625 na 600.

Nawaambia maana yake. Kwetu wa kwanza anapata pointi 400, wa pili 300, wa tatu 225. Mbio zinakimbizwa mara mbili na pointi zinajumlishwa. Siku hiyo nilikuwa wa pili mara zote mbili: 600. Yeye mara ya kwanza alikuwa wa tatu nyuma yangu, mara ya pili akawa wa kwanza: 625. Aliyeshinda mara ya kwanza mashine ilimzimikia mara ya pili, akabaki na 400 zake. Kwa hiyo bwana yule wa boti ya njano alinipokonya kikombe kwa pointi 25. Wiki tatu baadaye mpiga picha alileta picha, nikainunua, nikamfuata kwenye trela lake nikamwomba aniandikie. Aliishika muda mrefu. Hakuandika salamu wala "rafiki yangu". Aliandika hesabu. Nimeitazama picha hii zaidi ya kikombe chochote nilichopata, maana mtu yule alikuwa amekaa na pointi zangu kichwani wiki tatu nzima. Mtu ambaye hakuwa nawe majini hawezi kukuandikia kitu kama hicho.

Ndiyo sababu sinunui sahihi. Kuna wanaouza, na za mabingwa zina bei yake. Ninayo moja tu niliyopewa zawadi, ya Hugh Entrop wa Seattle, aliyekuwa mfanyakazi wa Boeing, na ambaye mwaka 1958 kwenye Ziwa Washington aliendesha boti ya mashine ya tezini kwa zaidi ya maili 107 kwa saa, yaani kama kilomita 173, akavunja rekodi ya dunia. Naiheshimu. Lakini naiweka mwisho wa sanduku, kwa sababu mimi na Entrop hatukuingia kona moja.

Sasa nije kwenye lililonileta hasa. Mwaka mmoja, kwenye mnada wa vifaa vikuukuu vya boti, nilikuta sanduku la viatu lina picha 40. Nyeusi na nyeupe, karatasi nzuri ya kung'aa, za miaka ya 1950. Vijana wenye tai wameshika vikombe, msichana mmoja amekalia boti yake akicheka, baba na mwana wakiinua mashine pamoja. Nikageuza ya kwanza, nyuma patupu. Nikageuza ya pili. Nikazigeuza zote 40, ndugu zangu, na hapakuwa na jina hata moja. Muuzaji alisema zimetoka katika nyumba ya marehemu, watoto hawakujua ni akina nani. Nilizinunua zote. Nilikaa garini nikiwa na uchungu kana kwamba nimetoka mazikoni.

Nimejaribu kuwatafuta. Boti za mashindano huku zina namba na herufi ya kanda, kwa hiyo ukijua mwaka, unaweza kutafuta namba katika vitabu vya zamani vya usajili. Ukiona US-1, huyo ni bingwa wa taifa katika daraja lake, na hapo kazi inakuwa nyepesi. Mashine nayo inasema: nikiona Mercury Mark 20H najua niko miaka ya 1950, sihitaji kutafuta huko kwenye miaka ya vita. Lakini namba haizikwi na mtu. Akiacha mchezo hupewa mwingine. Na boti huuzwa na namba yake ikiwa bado ubavuni. Kati ya 40 nimewapata 11, na imenichukua miaka saba.

Ndiyo maana nikimwomba mtu sahihi siku hizi, namwomba zaidi ya sahihi. Jina kamili linalosomeka, boti ya nani, mashine gani, ziwa gani, mwaka gani, na kama anakumbuka, alikuwa wa ngapi. Wengi huona haya mwanzoni. Wanasema, mimi sikuwa bingwa, ya nini? Nawajibu kwamba bingwa atakumbukwa hata nisipofanya lolote. Wa tano ndiye ninayemhitaji.

Mama pale ananiuliza wino gani, swali zuri. Biki usiitumie juu ya picha inayong'aa, inakwaruza na wino haushiki. Tumia maka peni ile isiyofutika, ncha nyembamba, na iache ikauke kabisa kabla hujaigusa. Nyuma ya picha za zamani tumia penseli laini bila kukandamiza, la sivyo maandishi yatatokeza usoni. Kuzihifadhi, mifuko ya poliesta. Plastiki ile laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni iepukeni, baada ya miaka inaganda na picha.

Picha hii hapa, ninusieni. Mpitishe kwa safu ya mbele. Kuna boti za daraja la juu zinazokimbia kwa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, naam, nyonyo yale yale bibi zetu waliyotunywesha tukifungwa tumbo. Moshi wake una harufu tamu nzito, ukishainusa huisahau. Huko DePue, Illinois, kijiji kidogo chenye ziwa ambako kwa miaka mingi majira ya joto wamekuwa wakija madereva wa daraja hizo, mzee mmoja alinitilia sahihi mikono ikiwa bado na mafuta. Dole gumba lake limebaki pale kwenye kona, duara la rangi ya chai. Mtu mmoja mjuzi wa picha aliniambia linaweza kusafishwa. Nilikataa.

Muda umekwisha, naona mwenyekiti ananitazama. Picha zitapita mezani, tafadhali shikeni kingo tu. Katika zile 29 zisizo na jina, hii ya msichana anayecheka nimeitoa nje ya sanduku lile la viatu makusudi. Namba ya boti inaonekana nusu, nyuma pana bomba la moshi la kiwanda na miti. Jumamosi naendesha hadi Fond du Lac kumwona mzee wa miaka 91 aliyekimbiza boti kwenye Ziwa Winnebago wakati huo, na binti yake ameniambia kwenye simu kwamba asubuhi baba huwa na kumbukumbu nzuri. Nitafika saa mbili. Nimechukua picha ya mzee mwenyewe pia, na kalamu mbili.