Mvua Ilipoanza, Viatu Havikusuguliwa

Assalamu alaykum. Mlionisikia Chake Chake, Pemba, nikisema juu ya watoto wanaochambua karafuu, mnajua naanzia wapi: Boot Polish, filamu ya Kihindi ya 1954 aliyoitoa Raj Kapoor. Sitaisimulia yote, wazee mnaijua. Bhola na dada yake Belu wako kwa jamaa yao Kamla, anawatuma kuomba na anachukua kila wanachopata. Wakachoka na aibu. Wakaficha senti moja moja mpaka wakapata brashi na dawa ya viatu.

Hapo watazamaji hushangilia, na mimi nilishangilia nikiwa mdogo. Lakini ngojeni mvua. Masika ya kule yakaanza, njia zikajaa tope, nani asugue viatu? Watoto wakalala na njaa. Nawaombeni mtazame hapo, msikimbilie nyimbo. Filamu inatuuliza: mtoto aombe au afanye kazi? Nasi tunajibu haraka, afanye kazi! Hatuulizi kwa nini chakula cha usiku kinamngojea yeye akitafute. Jawabu inakuja mwishoni, familia yenye uwezo inapowachukua. Wetu nani atawachukua?

Najua mtaniambia, "Mwalimu, sote tumekuzwa na karafuu." Kweli kabisa. Nimechambua karafuu na bibi yangu, kuzitoa kwenye makonyo, vile vikonyo vyake, jioni nyingi, tukitoleana hadithi. Lakini bibi hakunihesabia pishi, na asubuhi alinitoa kitandani niende skuli. Msimu uliopita nilimkuta mtoto wa darasa la tano, si kwao, kwa watu, saa nne za usiku. Amekaa juu ya jamvi anachambua kwa taa ya simu, vidole vimeingia weusi, makonyo yamemjaa mapajani. Nikamuuliza, "Skuli vipi, mwanangu?" Hakuinua uso.

"Karafuu zikisha."

Msinambie huyo anafunzwa kazi! Anafunzwa nini saa nne za usiku?

Nilitaka tumtazame pia Bruno, yule mtoto wa filamu ya Kitaliani ya 1948 ya wezi wa baiskeli, anavyofanya kazi kituo cha petroli huku baba akitafuta riziki. Muda hautoshi. Na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nambari 6 ya 2011, mnayo, isomeni.

Wenye mashamba mmo humu ndani. Mkiita wachambuzi mwaka huu, muulizeni kila mdogo yuko darasa la ngapi, kisha mrudisheni kwao alale. Nani atachambua? Watu wazima, kwa bei ya watu wazima.