Namna ya Kuwazuia Kuku Wasidonoane Bandani

Karibuni, watazamaji. Leo tunashughulikia kuku wa nyumbani wanaodonoana hadi kunyofoana manyoya na kutoana damu, na tutaanza na yule aliyekwisha kuumia, kwa sababu yeye hawezi kusubiri.

Mtazameni kuku huyu mgongoni, karibu na mkia. Ngozi imebaki wazi, na manyoya mapya yanayochomoza bado yana damu ndani ya shina, kwa hiyo yakidonolewa hata mara moja damu hutoka, na wenzake wakishaiona hawamwachi tena. Mtoeni sasa hivi. Mwekeni peke yake mahali tulivu penye maji na chakula, lakini wenzake waendelee kumwona kupitia wavu, kwa maana akipotea machoni pao kwa muda mrefu watampokea kama mgeni siku atakaporudi. Osheni kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo, kisha pakeni dawa ya vidonda ya mifugo yenye rangi ya buluu au zambarau, ambayo pia huficha ule wekundu unaowavutia wengine. Jeraha likiwa la kina, au likiwa kwenye tundu la nyuma analotolea mayai, mwiteni mtaalamu wa mifugo.

Sasa tutafute chanzo. Kudonoana kidogo ni kawaida, kwa kuwa kuku huishi kwa vyeo: mkubwa humdonoa mdogo, mdogo husogea, na mambo huishia hapo. Kuku anayebadilisha manyoya kwa wakati wake hajaonewa na mtu, na upara wa mgongoni kwa mitetea inayopandwa mara kwa mara huenda umesababishwa na jogoo. Linalotupasa kuchukua hatua ni pale kuku mmoja anapofukuzwa asile, au manyoya yanaponyofolewa na kuliwa.

Kwa maoni yangu, jambo la kwanza kuchunguza ni nafasi. Chukueni futi ya kupimia mpime sakafu ya banda bila kuhesabu viota: mita moja ya mraba iwatoshe kuku watatu, na uwanjani kila kuku apate angalau mita moja ya mraba. Kwenye kichanja cha kulalia, kila mmoja apate sentimita 20 hadi 25. Wekeni vyombo vya chakula na vya maji katika sehemu mbili zilizo mbalimbali, kwa sababu chombo kikiwa kimoja kuku mbabe husimama hapo na wanyonge hushinda na njaa. Viota viwe na giza kiasi, kimoja kwa kuku wanne au watano. Kuku anapotaga, sehemu yake ya nyuma hutokeza nyekundu na yenye unyevu kwa muda mfupi, na akiwa mahali peupe wenzake huidonoa. Majeraha mabaya kuliko yote huanzia hapo.

Usiku, ingieni bandani na tochi na karatasi nyeupe. Isugueni karatasi chini ya kichanja na kwenye nyufa zake, hivi. Ikitoka na michirizi myekundu, mna utitiri, wadudu wanaojificha mchana na kunyonya damu kuku wakilala. Kuku asiyelala kwa kuwashwa huwa mkali, kwa hiyo safisheni banda lote na mtumie dawa ya utitiri kama kibandiko chake kinavyoelekeza.

Kuhusu chakula, kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hivi. Pumba au nafaka tupu hazifikishi kiwango hicho, na upungufu wa protini au chumvi humfanya atafute manyoya ya wenzake. Maji yasikauke kamwe, hasa wakati wa joto.

Kisha wapeni kazi. Ning'inizeni fungu la mboga za majani kwa kamba, juu kidogo ya kichwa cha kuku, ili wanyooshe shingo kulifikia. Tawanyeni nafaka kidogo ndani ya nyasi kavu wachakure. Tengeni pembe yenye vumbi kavu la kuogea. Kama mnatumia taa, mwanga usiwe mkali, wala usizidi saa 16 kwa siku pamoja na ule wa jua.

Sipendekezi kukata mdomo. Ncha ya mdomo ina mishipa ya fahamu, kuku huumia, na chanzo kinabaki palepale.

Ngozi ya majeruhi ikishafunga, mrudisheni jioni, mkimweka kichanjani wenzake wakiwa wamelala. Alfajiri muwepo bandani kabla hawajashuka, muwatazame kwa muda. Akishambuliwa na kuku yuleyule, safari hii mtoeni mshambuliaji, mkamtenge kwa siku kadhaa hadi wiki moja. Akirudi atakuta vyeo vimepangwa upya, na mara nyingi huanzia chini.