Maneno Yanayofanana Bila Undugu

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Naomba tuanze na neno sana. Kwetu neno hili hukoleza: mbali sana, polepole sana. Mfini akilisikia anaelewa “neno”, kwa kuwa kwa Kifini sana ndiyo neno lenyewe. Mturuki anaelewa “kwako”. Mwarabu anasikia “mwaka”. Mhispania anamfikiria mwanamke mwenye afya njema. Lugha tano, sura ileile, na maana hizo hazikutoka kwenye chimbuko moja.

Wengi wakikutana na jambo kama hili hudhani kuna siri ya kale iliyofichika. Mimi nadhani waanze na hesabu. Chukua lugha yenye konsonanti 20 na irabu 5, inayopenda silabi wazi, yaani zinazoishia na irabu, kama yetu. Maneno ya silabi mbili ya muundo wa kata, moto, meza hayawezi kuzidi 10,000. Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand, kina konsonanti 10 na irabu 5. Tukiacha kando urefu wa irabu, muundo huohuo unakipa nafasi 2,500 tu. Sasa kumbuka kwamba duniani kuna lugha zinazokaribia 7,000, na kila moja inataka kutaja jua, mvua, mguu na deni. Maneno yatagongana, hakuna namna. Ndiyo maana kwa Kimaori rangi ni mbingu, na kwetu rangi, neno lililotoka Kiajemi, ni nyekundu au kijani. Ndiyo maana pia Mshona akisema simba anazungumzia nguvu, na akitaka kumtaja mnyama husema shumba. (Lipo na neno la Kijapani la dubu. Wanaolijua wameshaanza kucheka. Mimi sitalitamka mbele ya hadhira hii.)

Mgongano mwingine hutokea ndani ya lugha moja, na hapo Kiswahili kina habari nyingi. Tuangalie kaa. Kuna kaa la moto, kuna kaa wa baharini, na kuna kukaa kitako. Kamusi huyapa namba, kaa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwanafunzi hukariri bila kuuliza kwa nini. Jibu tunalipata kwa jamaa zetu. Kwa Kichewa, kukaa ni khala na makaa ni makala. Kwa Kilingala pia makaa ni makala. Kaa wa majini kwa Kizulu ni inkala. Kila mahali pana l ambayo kwetu haipo. Kiswahili kiliidondosha l hiyo katikati ya irabu, na hakikufanya hivyo kwa neno moja tu: mvula wa Kichewa ni mvua yetu, njala ni njaa, vala ni vaa. Zaidi ya hapo tulipoteza toni. Lugha nyingi za Kibantu bado hutenganisha maneno kwa kupandisha na kushusha sauti, ila sisi tumebaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiondoa l, ukaondoa na toni, maneno yaliyokuwa na mipaka yake yanajikuta chumba kimoja.

Kisha huja mikopo kuongeza msongamano. Meza ya kumeza ni ya Kibantu, na Kichewa nacho husema meza kwa maana hiyohiyo. Meza ya kuandikia ililetwa na Wareno, kwao ni mesa. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni kima. Kima anayeruka kwenye miti ni Mbantu wa asili, Waganda humwita enkima. Kima cha chini cha mshahara kilitoka Kiarabu, qīma, yaani thamani. Nyama ya kima ilitufikia kutoka India, na huko nyuma ina uhusiano na kitenzi cha Kituruki kıymak, kukatakata. Njia tatu zimekutana kwenye silabi mbili! Na mzungumzaji hachanganyikiwi hata kidogo. Ngeli inamsaidia: kima huyu ana mkia, kima hiki kimepandishwa. Pale ambapo ngeli haitoshi, maneno ya jirani humaliza kazi.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu. Kila baada ya muda husambaa orodha ya maneno ya Kiswahili yaliyopangwa pembeni ya maneno ya lugha fulani ya mbali, na chini yake tangazo kwamba lugha hizo ni moja. Kata huwa halikosekani humo. Kiingereza wana cut, Kiarabu kina qaṭaʿa, Kihindi kina kāṭnā, na yote ni kukata. Inashawishi, nakiri. Lakini fuatilia kila moja hadi kwao. La Kihindi limetoka kwenye mzizi wa Kisanskriti uliokuwa na r ndani yake. La Kiarabu lina konsonanti tatu za mzizi, na ya mwisho ni ayn, sauti ya kooni ambayo haionekani popote katika kata. La kwetu lipo kwa Wanyarwanda, gukata, na lipo kwa Kilingala, kokata, upande wa pili wa bara, mbali na pwani walikofikia mabaharia Waarabu. Isitoshe, vitenzi vyetu vya Kibantu huishia na a, ilhali vile vya mkopo wa Kiarabu mara nyingi huishia na irabu nyingine: safiri, samehe, jibu, sahau. Kata ni mtoto wa nyumbani.

Wanaisimu wana mfano wao wa kutiana adabu. Huko Queensland, Australia, palikuwa na lugha iitwayo Mbabaram, na mtafiti R. M. W. Dixon alipouliza neno la mbwa akajibiwa: dog. Yeye ni Mwingereza. Angeweza kudhani anaambiwa Kiingereza. Lakini katika lugha za jirani mbwa ni gudaga. Mbabaram ilizoea kukata silabi ya mwanzo na irabu ya mwisho ya maneno yake, huku irabu iliyobaki ikibadilika kwa kuathiriwa na silabi hiyo ya mwanzo iliyoondoka. Pitisha gudaga katika njia hiyo, nawe utatoka na dog bila kupitia Uingereza.

Upande wa pili, undugu wa kweli mara nyingi hauonekani kwa macho. Mbili kwa Kiarmenia ni erku, kwa Kilatini ni duo. Hakuna mtu angezipanga pamoja. Mfaransa Antoine Meillet alionyesha kwamba mfuatano wa kale wa dw, uleule uliozaa duo ya Kilatini, hutokea katika Kiarmenia kama erk, na kwamba mabadiliko hayo yanaonekana katika maneno mengine pia, likiwemo erkar, “ndefu”. Kinachothibitisha undugu ni kujirudia huko. Sura ya neno moja haithibitishi chochote.

Yapo na maneno yenye asili moja na sura moja ambayo maana zake zimeachana vibaya. Gift ya Kiingereza ni zawadi, Gift ya Kijerumani ni sumu. Yote yametoka kwenye kitenzi cha kutoa. Wajerumani waliitumia kwa kile anachopewa mgonjwa, kama Wagiriki walivyosema dosis, utoaji, neno ambalo sisi tunalo kama dozi, na baadaye ikabaki maana mbaya peke yake.

Najua mtaniuliza kuhusu mama na baba, kwa hiyo nijibu mapema. Hayo yaondoeni kabisa kwenye orodha za undugu. Mtoto mchanga huanza na m, b na p kwa sababu midomo inatosha kuzitamka, na wazazi kila mahali hujichukulia sauti hizo kuwa wameitwa wao. Ila hawakubaliani nani ameitwa: kwa Kijojia mama ni baba, na mama mzazi ni deda. Kwa Kirusi baba ni mwanamke mzee.

Haya, maswali. Mwenye jozi yake ya maneno na ailete, ila aje pia na maneno hayo katika lugha jirani mbili au tatu za kila upande.